Dibaji Niliyopewa Kama Adhabu

Kitabu chetu cha Kiingereza kilinuka moshi na maziwa, kwa sababu tulikitumia watoto sita kwa zamu na kililala nyumba tofauti kila siku. Kurasa zake za mwanzo tu ndizo zilizobaki safi, zikinuka gundi. Hapo palikuwa na dibaji, na hakuna aliyeisoma. Mimi niliijua kuliko mtu yeyote Garissa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nikiwa darasa la saba, msichana mwenye haya kiasi kwamba nikiulizwa swali ulimi uliganda. Mwalimu wa Kiingereza, aliyetoka "Kenya", kama tulivyosema huku kana kwamba sisi ni nchi nyingine, hakuwa na subira nami. "Bubu, kaa chini! Nakili dibaji mara tano." Darasa lilicheka. Muhula wa pili akatangaza mbele ya wote kwamba bubu hafanyi mtihani wa darasa la nane, na kwamba jina langu atalifuta mwenyewe.

Hakujua tulikolelewa. Alfajiri, kabla ya shule, tulikuwa dugsi, chuo cha Kurani, ambako mtoto huandika kwenye ubao, husoma kwa sauti, wala hauoshi mpaka maneno yamekaa kichwani, hata kama hajui maana yake. Dibaji niliinakili vivyo hivyo. Ikakaa. Kisha nikaazima vitabu vya madarasa mengine, nikaona dibaji zote hupita njia moja: husifu lugha, husifu mtaala, humwelekeza mwalimu, humwahidi mwanafunzi kwamba atafaulu, na mwisho hushukuru watu. Mwanafunzi hashukuriwi popote.

Muhula wa tatu mwalimu aliandika kijitabu chake cha mazoezi, akitaraji kupandishwa cheo. Mkaguzi wa shule alipokuja, mwalimu akamsomea dibaji yake mbele yetu, kifua mbele. Sentensi ya kwanza niliitambua. Ya pili pia. Alikuwa amebadilisha jina la kitabu tu. Aliponyamaza kugeuza karatasi, nikasimama, nikaiendeleza kwa Kiingereza, kwa sauti ya dugsi, mpaka kwenye shukrani.

"Kaa chini wewe!"

"Mwache," mkaguzi akasema. "Binti, umeisoma wapi? Si kijitabu kipya hiki?"

"Iko kwa kitabu chetu. Mwalimu alinipa adhabu ya kunakili. Mara nyingi sana."

Mvulana mmoja nyuma akanong'ona, "Wallahi, bubu amemmaliza."

Mkaguzi aliomba kitabu chetu, akaweka kurasa mbili sambamba, akamrudishia mwalimu kijitabu. Mwalimu hakuniangalia tena. Mwaka uliofuata jina langu lilikuwa kwenye orodha na mtihani nikaufanya, ingawa ukame ulimaliza ng'ombe wa baba na masomo yangu yakaishia hapo.

Sasa namsaidia abti, mjomba wangu, katika duka lake la vitabu. Siku hizi mtoto hununuliwa kitabu chake peke yake, hana wa kumsubiri, na bado huziruka zile kurasa za mwanzo kama tulivyoziruka sisi. Abti huniambia, "Msamehe mwalimu wako, ilikuwa zamani." Sijamsamehe. Vitabu vipya vya Kiingereza vikifika, mimi hufungua kimoja kimoja kwenye dibaji, nikisoma polepole mpaka jina la mwisho la wanaoshukuriwa na la walioandika. La mwalimu wangu halijawahi kuwamo. Hukifunga kitabu, nikakipanga rafuni, na siku hiyo chai yangu huwa tamu.