Riwaya niliyomsomea mama leo

Leo mama kanifanya nifunge kitabu.

Nimerudi nyumbani Miteja kutoka shuleni, nimechoka, masahihisho yananisubiri. Mama anabangua korosho, mimi namsomea riwaya ninayofundisha kidato cha tatu.

Mwaka wa sita huu naifundisha. Nawaambia wanafunzi msomaji mzuri ni yule anayejua dhamira zote. Mwenyewe nasoma mbiombio nimalize.

"Hebu rudi hapo," mama akasema. "Huyo mjane, sahani ya tatu kamfunikia nani?"

Nikarudi. Kweli, nyumbani amebaki yeye na binti yake tu, lakini sahani ni tatu. Sikuwahi kuiona.

"Labda mwandishi kakosea, mama."

"Hajakosea. Baba yako alipofariki, nilikuwa namfunikia chakula kila jioni mpaka eda ikaisha. Asubuhi nawapa kuku."

Akaendelea kubangua.

Mama huyu hajui kusoma hata jina lake.

Na mimi nilikuwa humo humo ndani miezi yote ile. Nilikuwa nawaona kuku wakila ugali asubuhi, sikuuliza hata siku moja.

Jamani, nyinyi mngemwambia nini? Mimi nimefunga kitabu tu.