Ujumbe Ulitoka kwa Willis, na Willis Tulishamzika

Jumatatu baada ya mazishi ya Willis, wanaume wa Remba, kisiwa cha wavuvi Ziwa Victoria, walipata ujumbe wa simu kutoka kwake.

"WILLIS: Upepo mkali unakuja mchana. Msiingie ziwani."

Willis yuleyule waliyemfukia Jumamosi. Wengine walizima simu. Mwingine alitoa laini akaivunja kwa meno. Na kuna mmoja, sitamtaja, alijibu: "Sawa mwenyekiti. Huko umefika salama?"

Cheka tu. Hata mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikujua kwamba jambo hilo hilo lingekuja kumfikisha rafiki yangu kwenye mlango wa seli.

Naitwa Joyline, niko Migori mjini, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ofisi yetu iko juu ya duka la mabati la Abdirashid. Tuko watatu: mimi, bosi wetu Caleb, na Rispa, ambaye anafanyia kazi kwao Homa Bay na huja Migori kukiwa na shida.

Sisi ndio tuliotengeneza mfumo wa kuonya maboti. Mtambo unapima upepo, na ukipita kikomo cha ufuo fulani, manahodha wa ufuo huo wanapata ujumbe. Kila ufuo una faili yake, na kila faili ina kikomo chake.

Sasa, watu wa ziwa hawaamini ujumbe wa kampuni. Wanadhani ni kamari. Caleb akapata wazo, na hapo nampa haki yake: kila faili ipewe jina la mwenyekiti wa ufuo, na jina hilo litangulie kwenye ujumbe. Mtu akiona Willis amesema, anavuta boti nchi kavu bila maswali.

Hakuna aliyejiuliza mwenyekiti akifa itakuwaje.

Remba walipiga simu wakiwa moto. Caleb naye akampigia Rispa: "Toa jina la marehemu leo leo! Na fuo zote, toa majina ya watu, weka ya mahali."

Rispa akafanya hivyo. Alibadilisha majina ya faili zote, na kwa kuwa alikuwa humo, akapanga upya na yaliyomo ndani yake. Kazi safi. Ujumbe wa marehemu ukaisha, watu wakatulia.

Miezi ikapita.

Halafu boti likapinduka nje ya Remba, mchana kweupe, kwa upepo. Wawili waliokolewa. Wa tatu, kijana anayeitwa Tony, hakuonekana. Na siku hiyo hakuna simu hata moja iliyolia kuonya.

Tony alikuwa mtoto wa Zablon. Zablon ni mdogo wake Willis, yule marehemu.

Caleb alifungua faili ya Remba akakuta kikomo cha upepo kiko juu sana, karibu mara mbili ya kinachofaa. Yaani upepo ungeng'oa paa, kama dhoruba ya ile Jumatatu ya marehemu, ndipo mfumo useme neno.

Wakati Willis yuko hai hakuna aliyegundua, kwa sababu yule mzee hakungoja mashine. Aliangalia maji kwa macho yake, akapigia watu simu mwenyewe. Alipokufa, ikabaki mashine peke yake.

Swali likawa moja. Nani aliandika kikomo kile?

Kwenye kazi yetu swali hilo lina jibu. Kuna programu inayotunza historia ya kila faili: nani aliandika mstari gani, na lini. Caleb akauliza kuhusu mstari ule. Programu ikajibu jina moja.

Rispa.

Asubuhi iliyofuata Rispa alikuwa Migori. Alikaa kwenye kiti cha plastiki bila kuvua koti, mikono katikati ya magoti.

"Mimi nilibadilisha jina tu, Caleb," alisema. "Jina tu. Hiyo namba sikuigusa."

"Historia inasema uliandika."

"Historia inasema niliandika faili nzima! Kwani ni ukweli? Si faili ilikuwa hapo kitambo?"

Caleb aligeukia kioo akausoma tena ule mstari. Simu yake ililia, akaiweka mezani sauti ikiwa juu ili sote tusikie. Ilikuwa ni Zablon, ambaye alikuwa ameshaambiwa kwamba kikomo kiliandikwa vibaya.

"Mimi niko Rodi," alisema, na nyuma yake tulisikia soko la Rodi Kopany likipiga kelele. "Nakuja. Nikifika nataka jina. Sitaki pole. Jina. Kutoka hapo naenda nalo polisi."

Akakata.

"Nitampa," Caleb alisema. "Si mimi nimesema. Ni mashine imesema."

Jamani, mimi hasira zangu ziko karibu. Wakuria wa Migori mnatujua. Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika.

"Utampeleka mtu seli kwa sababu alibadilisha jina la faili?"

"Basi nionyeshe mwingine," akasema.

Rispa akanivuta mkono, akaninong'oneza. "Joy, mamangu ananunua omena huko Remba. Miaka yote. Wakisikia ni mtoto wake aliua Tony, atakanyaga wapi tena?"

Hapo ndipo niliacha kupiga kelele.

Nieleze kidogo, na msikimbie, ni rahisi. Ile programu ya historia hutengenezwa na watu wa kujitolea kila pembe ya dunia, na mimi nilikuwa nimejipachika humo. Shida yake ilikuwa hii: ukibadilisha jina la faili na wakati huo huo ukapanga upya yaliyomo, inakata tamaa. Inasema faili ya zamani imekufa, mpya imezaliwa, na kila mstari ni wa aliyegusa mwisho. Kunakili ndiko kubaya zaidi. Ukichukua maneno kutoka faili moja ukayaweka kwa nyingine, haiulizi kabisa yalitoka wapi.

Mimi nilikuwa narekebisha hilo. Badala ya kuangalia jina, inalinganisha mistari kwa mistari, hata na faili zilizofutwa zamani. Caleb alikuwa ameiita kazi ya bure. Na ukweli ni kwamba haikuwa imekamilika.

"Nipe hii siku," nikamwambia.

"Una mpaka Zablon afike."

Nilianza na upande wa majina, ambao ulikuwa unafanya kazi. Nikaielekeza kwenye faili ya Remba. Ikatafuta, ikaleta jibu: faili hii si mpya. Ni faili ya Willis iliyobadilishwa jina.

Rispa alishika mdomo. Nilimgeukia Caleb nikiwa nimejaa kiburi. "Umeona sasa?"

Caleb alivuta kiti, akasoma mpaka chini. Halafu akasema polepole, "Joyline, angalia mwanzo."

Nikaangalia. Kile kikomo kibaya kilikuwemo kwenye faili ya Willis tangu siku ilipofunguliwa. Na aliyeifungua ni Rispa.

Jamani.

"Nilianzisha fuo nyingi wakati huo," Rispa alisema. "Sikumbuki ya Remba. Aki sikumbuki. Lakini namba kama hiyo siwezi kutoa kwa kichwa yangu. Lazima nilinakili mahali."

"Wapi?"

"Sijui!"

Simu ya Caleb ikalia tena. "Niko Rongo," Zablon alisema, akakata.

Kutoka Rongo si mbali. Nikawasha ule upande wa kunakili, ambao haukuwa tayari, nikauambia utafute mistari ya faili ya Willis kwenye faili zote za historia nzima.

Kompyuta ikaganda.

Feni yake ilianza kulia, kioo kikasimama, hata mshale haukusogea. Ilikuwa inalinganisha kila kitu na kila kitu. Kwa mwendo ule ingemaliza tukiwa tumeshazeeka. Nikaizima, nikaiwasha, nikajaribu tena. Ikaganda tena. Nikaanza kulia kwa hasira kama mtoto.

Rispa ndiye aliyeinama nyuma yangu.

"Kwani mbona unatafuta mpaka kwa faili za juzi?" aliuliza. "Kama nilinakili, nilinakili kwa kitu kilikuwa tayari. Toa zote zilizokuja baadaye."

Nilimwangalia. Kitu rahisi hivyo, na mimi ninayejiita fundi sikukiona! Nikaandika sharti hilo kwa haraka: faili zilizokuwepo siku ile tu, za baadaye achana nazo.

Nikabonyeza. Feni ikalia. Halafu ikanyamaza.

Jibu lilikuwa kwenye kioo. Faili ya Willis ilinakiliwa kutoka faili nyingine, ya siku za majaribio, iliyofutwa zamani. Siku zile tulikuwa tunawaruhusu viongozi wa fuo kubadilisha kikomo wenyewe kwa simu, kwa kuwa wao ndio wanajua upepo wao. Kikomo cha Remba kilianza kikiwa sawa kabisa. Kisha mtu akakipandisha kutoka simu yake.

Namba ya simu ilikuwepo. Na jina la faili lilikuwa ZABLON.

Kabla Willis hajawa mwenyekiti, mdogo wake ndiye aliyejaribu mfumo. Rispa alipofungua faili ya Willis alinakili ile ya Zablon, kikomo na vyote, akijua ni ya ufuo huo huo.

"Haya!" nilimpigia Caleb kelele. "Soma! Soma kwa sauti!"

Caleb alisoma kimya. Uso ukamshuka.

Ndipo tuliposikia viatu kwenye ngazi.

Nilikuwa nimejaa ushindi. Mlango ulifunguka. Zablon ni mtu mrefu, alikuwa na sweta iliyolowa mabegani, na macho ya mtu ambaye hajalala tangu boti lipinduke. Alikuwa ametafuta mwili wa mtoto wake kwenye maji siku hizo zote.

"Jina," alisema.

Caleb aliniangalia mimi. Mimi niliangalia sakafu.

Rispa aliinuka, akafunga kompyuta.

"Ni mimi, baba," alisema. "Niandikeni mimi tu."

Niligeuka kama niliyechomwa sindano. Wazimu gani huu? Tumetoka jasho kumtoa shimoni, na anarudi mwenyewe! Lakini nilipoona anavyomwangalia yule mzee nikaelewa. Alikuwa anamhurumia. Aliona bora abebe yeye kuliko baba aliyefiwa aambiwe jambo lile.

Zablon alimkazia macho.

"Wewe nyako, msichana wewe, umetetemeka sana kwa mtu amesema ukweli," alisema. "Fungua hiyo kitu."

"Mzee, wacha tuongee kwanza," Caleb alianza.

"Fungua."

Nilifungua. Sikuwa na njia nyingine. Aliinama, akafuata mistari kwa kidole, akafika kwenye ile namba ya simu. Kidole kikasimama.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ndiyo, baba," nikasema.

"Nakumbuka. Ilikuwa msimu wa omena. Hii simu ilikuwa inasema upepo, upepo, kila siku upepo, na sisi tunakaa tu nchi kavu. Nikasema hapana, wacha ipunguze kelele. Siku mbili tu. Nilisema nitarudisha."

Rispa alikuwa ameshaanza kulia.

Nilidhani hapo ndio mwisho. Nilidhani nimeufuata ule mstari mpaka chanzo chake, na zaidi ya hapo hakuna kitu. Lakini Zablon hakuondoa kidole kwenye kioo.

"Ila mimi hizi vitu sijui kubonyeza," alisema. "Kusoma nasoma, kubonyeza sijui. Tony ndiye alinibonyezea. Alikuwa bado mtoto wa shule. Nilimwambia, wuoda, mwanangu, pandisha hiyo namba, na yeye akapandisha."

Caleb alikaa chini.

Zablon alijinyoosha, akafuta uso kwa mkono wa sweta.

"Andikeni jina langu," alisema. "La kijana msiandike."

Akashuka ngazi. Polisi hakwenda.

Tony alipatikana wiki hiyo. Tulienda kumzika, sote watatu, na Caleb alimwomba Rispa msamaha njiani, mbele yangu, bila kuambiwa. Mama yake Rispa alikuwepo, amesimama nyuma kabisa, anaogopa kusogea. Zablon alimfuata yeye mwenyewe, akamshika mkono, akamleta mbele wanapokaa wa familia. Akawaambia watu, "Huyu ni mama wa nyara." Kwa Kijaluo, binti yangu. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyeuliza.

Kikomo cha Remba tulikirudisha pale kilipopaswa kuwa. Ule upande wa kunakili niliukamilisha, wenzangu wa mbali wakaupitia na kuupokea. Wananiuliza nilipata wapi lile wazo la kuacha faili za baadaye. Nawaambia ni Rispa, na jina lake liko humo.

Majina yenu nyote mlio kwenye kisa hiki nimeyabadilisha, na ninyi mnajua kwamba hilo halibadilishi kitu.

Kwako unayesoma, ukikuta jina la mtu limeandikwa kando ya kosa, usimshike hapo hapo. Huenda yeye ndiye aliyegusa mwisho tu. Rudi nyuma, kisha rudi nyuma zaidi. Na ukifika mwisho kabisa, ukamkuta mtoto wa shule ameshika simu ya babake na anafanya alichotumwa, nyamaza. Andika jina ambalo baba amekuomba uandike.