Moshi wa Utepe Mpya

Fundi hagusi ekzosi ya gari la mbio kabla ya kuloweka utepe wake kwenye ndoo. Utepe huo, mpana kama mkanda wa suruali, huviringishwa kwenye mabomba hayo ya moshi ili joto lisienee kwenye injini, na ukiwa mkavu huwasha kama upupu. Kwa hiyo kila anayesogea, fundi humwonya avae shati la mikono mirefu, naye mwenyewe yuko na singlendi, anajikuna hadi kisogoni na kujicheka: "Mganga hajigangi." Akishaanza kuzungusha, hutulia. Kila mzunguko hulalia nusu ya uliotangulia, huku akiuvuta na kulibembeleza bomba, "Tulia, mwanangu, tunamaliza," utadhani anafunga mguu wa mgonjwa. Akishabana ncha kwa kibanio cha chuma, humgeukia mwenye gari, kidevu juu. "Ukiwasha litafuka moshi. Ndiyo kawaida ya utepe mpya. Usishtuke."

Leo mwenye gari alikuwa mama mmoja; akaambiwa hayo hayo, akawasha. Moshi ukapanda pande zote za boneti, mweupe, mzito. Mama akatulia kwenye usukani kama alivyoagizwa. Fundi alijua fika kwamba ni moshi wa kawaida. Kichwa kilijua, miguu ndiyo haikuwa na habari. Alipozinduka alikuwa nje ya geti, ameikumbatia ndoo, maji yote yamemwishia kwenye suruali.

Mama akachungulia dirishani. "Fundi, si ulisema tusishtuke?"

"Nilikuambia wewe, mama," akajibu akihema. "Mimi nani aliniambia?"