Povu Lililokataa Kusimama

Baba mkwe wangu ni kinyozi. Chumba chake cha kunyolea kimeshikana ubavu na chumba tunachoishi, kiasi kwamba mwanangu akilia huku, mteja kule huuliza, "Kibonge ana nini leo?" Kibonge ni binti yangu wa miezi minane. Jina lake halisi analo, ila mashavu yake yalilishinda.

Kwa baba kuna kiti kimoja cha kuzunguka ambacho kimeacha kuzunguka, benchi la kungojea, vioo viwili vinavyotazamana, na msumari wenye mkanda wa ngozi wa kunolea wembe. Vijana wanaopenda mashine ya umeme huenda ng'ambo ya barabara. Wanaokuja kwa baba ni wale wanaotaka kupakwa povu kwa brashi, wafunikwe taulo la moto, wafumbe macho, dunia iwasahau nusu saa. Wamempa jina la Taratibu. Kwa miaka ishirini na minane hakuna aliyewahi kumharakisha, na hakuna aliyetoka pale na alama usoni.

Kazi yangu, tangu juma nililoolewa, ni sabuni. Kila asubuhi namimina maji ya moto kwenye bakuli hadi kipande cha sabuni kizame, nafunika kwa kisahani, naacha mpaka mteja wa kwanza aje. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Sabuni ni kama mgeni, mama," aliniambia. "Mkaribishe akae kwanza, ndipo umwombe kitu."

Sabuni yenyewe ni ile ya mviringo, ya karatasi ya buluu yenye picha ya bata. Baba hajawahi kutumia nyingine. Povu lake lilikuwa zito, likisimama kwenye brashi kama kofia, na likipakwa shavuni lilikaa pale pale hata kama mteja ameanza hadithi isiyo na mwisho. Kibonge alizoea kulala kwa mlio wa brashi ile ikizunguka bakulini. Mimi nilikuwa sihitaji kuimba.

Basi siku moja mwenye duka akatuletea sabuni yenye karatasi mpya. Bata yule yule, ila sasa anacheka, na juu ya kichwa chake wameandika: MPYA! BORA ZAIDI!

"Huyu bata anacheka nini?" baba akauliza.

Tulikuja kujua Jumamosi. Jumamosi ni siku ya wazee wawili. Wa kwanza ni Fundi Saa, mwenye kibanda pale kwenye kona, ambaye saa za watu zikisimama yeye hasimami kusema. Wa pili ni Mwalimu, mstaafu, anayesahihisha hata salamu. Siku hiyo povu liliumuka haraka, jeupe, kubwa, likanipa matumaini. Baba akampaka Fundi Saa mashavu yote mawili, akanoa wembe, akanyoa shavu la kwanza. Alipofika la pili, povu lilikuwa limenywea. Yamebaki mapovu ya kuoshea vyombo.

"Taratibu, umenipaka nini?"

"Sabuni."

"Hii si sabuni, hii ni ahadi."

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," Mwalimu akasema kutoka benchini.

"Kidonda bado hakijaja," Fundi Saa akajibu, na hapo hapo kikaja. Wembe ulikuta ngozi kavu chini ya kidevu, ukakwama. Tone moja la damu.

Baba akachukua jiwe la shabu la kuzuia damu, akalibonyeza pale palipokatika, akalishikilia muda mrefu kuliko kidonda kilivyohitaji.

"Bata kaniuma," Fundi Saa akasema, akitaka watu wacheke. Mwalimu akacheka. Baba hakucheka.

Wiki ile wazee walisimama kidete. Mwalimu aliandika barua kwenda kiwandani, kurasa tatu, akaja kutusomea. Kila aya ilianza na "Inasikitisha." Fundi Saa alizunguka maduka yote akiwinda sabuni za karatasi ya zamani, akapata nne, akazificha kwenye droo chini ya saa mbovu. Baba alipomwomba japo moja, Fundi Saa alishika kifua.

"Nitakuja nayo ukininyoa na nitaondoka nayo. Hata mke wangu sijamwonyesha."

Wote waliilaumu sabuni. Mimi peke yangu nilijua kwamba baba alikuwa akilaumu kitu kingine. Nilikuwa naanika nepi uani, nikamwona kupitia dirishani. Amejaza kikombe maji hadi ukingoni, amekishika kwa mkono wa kulia, ameunyoosha mkono mbele, anayatazama maji. Hakuwa akitazama kingine chochote. Maji yakacheza, tone likadondoka sakafuni. Akalifuta kwa kiatu, akajaza tena, akaanza upya.

Sikumwambia mtu. Mume wangu yuko safarini na lori, na mambo kama haya hayasemwi kwenye simu.

Siku ya pili yake baba aliniita. Alikuwa amempakata Kibonge, naye amemshika kidole.

"Mama Kibonge, nimefikiri. Mwisho wa mwezi nitarudisha ufunguo wa chumba cha kunyolea. Nitakwenda kwa wifi yako, nikakae."

"Ukakae ufanye nini, baba?"

"Nikae tu. Watu wanakaa."

Nilimtazama mtu ambaye hata akila hukunja leso kama taulo la mteja. Huyu akae tu! Nilijua angekwisha kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Lakini mkwe humjibu mkwe wake kwa adabu, nikasema, "Sawa, baba," nikaenda kumenya viazi ambavyo tayari nilikuwa nimevimenya.

Jumamosi iliyofuata Fundi Saa aliingia na kiboksi kifuani kama aliyebeba maiti.

"Wamekula!"

"Nani kala nini?" Mwalimu akauliza.

"Panya! Sabuni zangu!"

Akafungua. Kati ya zile nne za zamani kulikuwa kumebaki nusu moja tu, yenye alama za meno kuzunguka pembeni, na vipande vya karatasi ya buluu. Katikati ya msiba huo ilikaa sabuni moja nzima, karatasi imechanwa, bata anacheka.

"Na hii?"

"Hiyo ni mpya, mke wangu aliinunua kwa bahati mbaya nikaitupia humo. Wameionja tu, wameiacha! Hata panya anajua ya kale ni dhahabu."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Baba naye alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kidonda. Mimi nilikuwa nimeleta taulo za moto, Kibonge mgongoni, nikaziweka, nikaokota zile sabuni mbili. Nikazinusa. Ile ya zamani, chini ya manukato, ilikuwa na harufu ya mbali ya shahamu, kama sufuria iliyopikiwa nyama jana. Ile mpya haikuwa nayo.

Nikamkumbuka mama yangu. Mama alikuwa akichemsha sabuni ya kufulia uani. Akipata mafuta ya ng'ombe, mche wake ulikuwa mgumu, unakunywa maji polepole kama mtu mwenye heshima zake. Akikosa, akatumia mawese, tulionywa mapema: ole wako uiache kwenye maji, utakuta uji. Nimechapwa kwa ajili hiyo, ndiyo maana nakumbuka.

Sasa, nani alikuwa akiizamisha sabuni mpya kwenye maji ya moto kila asubuhi? Mimi. Kwa uaminifu kabisa, na kisahani juu.

Kumfundisha Taratibu povu ni kumfundisha samaki kuogelea.

"Baba," nikasema, "niruhusu nikosee kidogo."

Wazee wote watatu wakanigeukia.

"Kosea," baba akasema.

Nikaichukua ile nzima, kavu, nikaiweka kwenye bakuli kavu. Nikaichovya brashi, nikaikung'uta, nikaikamua kwa kiganja hadi ikabaki na unyevu tu. Nikaanza kuzungusha. Mwanzo haikutoa kitu. Fundi Saa akakohoa kile kikohozi cha mtu anayekuhurumia. Nikaongeza matone mawili kwa ncha ya kidole, nikazungusha. Matone mengine mawili. Ikaanza kuwa nzito, ikawa kama mtindi, mwisho nikainua brashi, na povu likasimama. Kofia ile ile.

Tukalingoja. Mwalimu alitoa saa mfukoni. Dakika tano nzima watu wazima wanne walilitazama povu kama walio mkutanoni. Halikunywea.

"Huyu mgeni hataki kuogeshwa," baba akasema polepole. "Anataka maji ya kunawa tu."

"Sikubali," Fundi Saa akasema. "Hilo ni povu la kutazama. Uso wangu huu unaijua sabuni ya zamani kama ninavyoijua sauti ya mama yangu. Nijaribuni!"

Ikawa hivyo. Akakaa, akafunikwa macho kwa taulo. Baba akatengeneza povu la pili kwa ile nusu iliyobakizwa na panya, kwa maji mengi kama alivyozoea. Shavu moja akapaka la zamani, shavu moja la mpya. Nilikuwa nautazama mkono wa baba, si uso wa mteja. Wembe ukashuka shavu la kulia, ukashuka la kushoto, ukazunguka kidevu, ukapita juu ya kile kikovu kidogo cha Jumamosi ile. Haukusita popote.

"Haya sema," Mwalimu akaamuru, kama darasani.

Fundi Saa akapapasa huku, akapapasa kule.

"La kushoto! Hili ndilo lenyewe. Laini, limekaa, lina adabu. La kulia ni lile la bata anayecheka, nimelijua tangu brashi iliponigusa."

Tulicheka mpaka mwenye duka akaja kuchungulia mlangoni. La kushoto lilikuwa la mpya.

"Mama yako alikuwa na sauti ngapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Mmechanganya!" Fundi Saa akapiga kelele akivuta taulo. "Taratibu, umechanganya! Panya ni mashahidi wangu!"

Baba hakuwajibu. Alikuwa anautazama mkono wake, akiugeuza juu chini.

"Mama, nipatie maji," akaniambia. "Kikombe kijae."

Nikakijaza hadi ukingoni, kile kile. Akakipokea kwa mkono wa kulia. Nikangoja aunyooshe. Akakipeleka mdomoni, akanywa yote, akafuta midomo, akapiga kiti kwa taulo.

"Mwalimu, zamu yako. Na hiyo barua ya kiwandani, punguza 'Inasikitisha' moja."

"Nitapunguza mbili," Mwalimu akasema, akikaa.

Mwisho wa mwezi ulifika ukapita, ufunguo bado uko kwenye msumari pamoja na mkanda. Asubuhi ya Jumatatu baada ya jaribio lile, mkono wangu, kwa mazoea, ulibeba birika moja kwa moja hadi kwenye bakuli la sabuni. Baba akalifunika kwa kiganja.

"Hapa hapana, mama. Tia kwenye chai."

Nikatia kwenye chai.