Binti wa Taa Katika Kipindi cha Nane

Dada yangu alipiga chapa vitabu sita ambavyo mimi sikuwahi kumaliza hata kimoja. Habari iliyomo naijua: watu wamo ndani ya chombo kinachokwenda kwenye nyota nyingine, safari ya miaka mia tatu, kwa hiyo waliopanda hawatafika na watakaofika hawajazaliwa. Mfululizo wenyewe unaitwa Kizazi cha Kati, yaani wale wanaozaliwa njiani na kufia njiani. Watu wazima na akili zao waliupenda kupita kiasi. Mimi ni mshonaji, na mtu akitaka kunihuzunisha hana haja ya kunipeleka mpaka angani.

Mwandishi wa vitabu hivyo alikuwa na mwandiko mbaya mno, na dada peke yake ndiye aliyeweza kuusoma. Mwandishi alimwita dada Koma, kwa sababu hakuna ukurasa alioletewa ambao aliurudisha bila kuongeza koma tano ambazo hakuombwa. Kwa miaka kumi na tisa dada alikaa chumba cha mbele, taipureta ikiwa juu ya blanketi lililokunjwa mara nne ili majirani wa chini wasilalamike. Alipohamia kwenye kompyuta aliendelea kugonga vitufe kwa nguvu zilezile, kama mtu anayeua mende.

Alipokuwa akimalizia kitabu cha tatu, dada alifiwa na binti yake wa pekee. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Shemeji yangu ni fundi umeme, naye ndiye aliyekuwa akitunza taa za ngazi katika jengo letu. Yule mtoto kila asubuhi kabla ya shule alipanda ghorofa zote sita, kisha akashuka kumwambia baba yake ni balbu zipi zimeungua. Hakukosea hata mara moja. Homa ilimshika Jumatatu, Jumatano tukamzika.

Mwandishi alikuja kutupa pole, akakaa saa nzima, akaondoka. Miezi minne baadaye alileta sura ya kwanza ya kitabu cha nne, na humo kulikuwa na msichana anayezunguka chombo kila asubuhi na kumpa nahodha hesabu ya taa zilizozimika. Dada hakuweza kugusa taipureta siku hiyo. Mwandishi akamwambia, "Huyu nitamzeesha." Na kweli alitimiza. Katika kitabu cha sita Binti wa Taa ana mvi na wajukuu, ndiye fundi mkuu wa chombo kizima, na anabishana na kila mtu. Shemeji, ambaye hasomi hata karatasi ya dawa, alikisoma kitabu hicho cha sita mpaka jalada likaachia.

Kituo cha televisheni kilipoamua kuigiza vitabu hivyo, mwandishi alikuwa ameshafariki. Aliyebaki duniani anayejua nani kazaliwa mwaka gani na mlango upi unafungukia wapi alikuwa Koma. Wakamwajiri asome kila kipindi kilichoandikwa na kuonyesha panapopingana na kitabu. Tulimtania kwamba sasa amekuwa mtu wa sinema, atuletee miwani myeusi. Shemeji hakutania. Yeye alichosikia ni kimoja tu, kwamba mtoto wake ataonekana akitembea na kuzungumza. Kila jioni dada aliporudi, kabla hajavua viatu, shemeji alimuuliza, "Yumo?" Dada alijibu kwamba yumo.

Walifanyia kazi katika chumba kisicho na dirisha, chenye ubao uliojaa ukuta mzima. Kila mhusika alikuwa na kadi za rangi yake. Mhusika akiondolewa, kadi zake zinabanduliwa na maneno yake wanagawiwa waliobaki, kama nguo za marehemu. Mwandishi mkuu walimwita Mkasi. Dada anasema alikuwa kijana mpole sana, anayekuomba radhi kabla ya kukata.

Wiki ya sita alibandua kadi za njano, zile za Binti wa Taa. Alikuwa na sababu zake, na hazikuwa za kijinga. Mtoto haruhusiwi kuigiza zaidi ya saa nne kwa siku. Balbu zilizoungua yeyote anaweza kumtajia nahodha. Tena mchezo mzima ungeishia kitabu cha tano, uzee wa yule binti usingefikiwa. Dada alibishana naye kwa nambari za kurasa, kurasa kumi na saba, na wote walimsikiliza kwa heshima kama anavyosikilizwa mtu mzima ambaye hatakubaliwa.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Wahenga walishatuonya tusimwage mtama kwenye kuku wengi, na waandishi ni kuku wenye njaa kuliko wote. Dada aliona anamkosa mtoto mara ya pili, moyo ukamwendesha. Akawaambia Binti wa Taa alikuwa nani. Na alipoanza hakuweza kuacha, akawaeleza mpaka lile ambalo mimi nduguye wa tumbo moja sikulijua. Jumanne ile ya homa, mchana, mtoto alimwita kutoka chumbani. Kitabu cha tatu kilikuwa kinasubiriwa na mpiga chapa wa kiwandani. Dada akamjibu, "Subiri nimalize ukurasa huu." Ukurasa ukawa miwili. Alipoingia akamkuta mtoto ameshashikwa na degedege, macho yamegeuka, na hakuzungumza tena. Shemeji alikuwa kazini. Kwa miaka yote hiyo alichoambiwa yeye ni kwamba hali ilibadilika ghafla.

Binti mmoja kati ya waandishi alilia. Mkasi akasimama, akazirudisha kadi za njano mwenyewe, na dada akaja nyumbani siku hiyo amechangamka kuliko nilivyomwona kwa miaka mingi.

Baada ya siku nane alipewa muswada wa kipindi cha nane. Mama yake Binti wa Taa ndiye anayeandika kumbukumbu za safari ya chombo. Mtoto ana homa, anamwita. Mama anajibu, "Subiri nimalize ukurasa huu." Yalikuwa yaleyale, neno kwa neno, mpaka nukta ya mwisho. Kamera inabaki kwenye mkono unaoandika, sauti ya mtoto inakatika, mama anageuka akiwa amechelewa.

Mkasi alikuwa amesimama karibu, anangoja kushukuriwa. Simsingizii ubaya. Alidhani amempa zawadi, na kwa akili za kazi yao huenda ilikuwa zawadi. Dada alimuuliza kama mtoto hawezi kuachwa akue, kama kitabuni. Mkasi akamweleza polepole kwamba wakubwa wa kituo wamekubali gharama za mwigizaji mtoto kwa ajili ya kifo hicho tu.

"Anayezeeka hakuna anayemlilia, Mama," alimwambia. "Akibaki, abaki hivi. Vinginevyo sina nafasi yake."

Dada akaenda ubaoni akazibandua kadi za njano kwa mkono wake, moja moja, pini akizirudisha kwenye kopo. Halafu akakaa mpaka saa kumi na moja jioni akigawa maneno ya mtoto. Taa zilizoungua sasa anazitaja mpishi.

Alipitia kwangu kabla ya kupanda kwake, akaniambia yote akiwa amesimama kando ya cherehani. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa kumwacha mtoto akiita, na kwa kuwaambia wageni kabla ya kuniambia mimi. Kisha nikamwona mikono, imelegea kama ya mtu aliyebeba maji mbali, nikaona haya. Nilimuuliza amemtoa ili asife tena, au ili mume wake asimwone mama yule akiandika. Alisema hajui, na kwamba nisimuulize tena.

Jioni shemeji akauliza swali lake, dada akamjibu kwamba wamemtoa. Shemeji hakupandisha sauti. Akaenda kulala bila kula.

Jumamosi asubuhi alitoka chumbani amenyoa ndevu na kuvaa shati la kwendea ofisini. Alitaka kuwaandikia barua wakubwa wa kituo, na kwa kuwa mwandiko wake wa fundi haufai, akamwomba dada ampigie chapa. Dada akawasha kompyuta. Mimi nilikuwepo, nimeleta pazia la kushona pindo, nikainamia sindano.

Shemeji alitamka taratibu, mikono nyuma, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Andika kwamba mmemtoa mtoto kana kwamba hana wazazi. Andika kwamba mwandishi aliahidi atazeeka. Andika kwamba baba yake ana miaka sitini na minane na alikuwa akingoja kumwona akipanda ngazi. Dada aligonga vitufe kwa nguvu zake za siku zote. Mara mbili alimsimamisha kuuliza kama hapo ni nukta au sentensi inaendelea.

"Ongeza hili," shemeji akasema. "Andika kwamba mama yake anafanya kazi humo humo ndani, na hakuna aliyemuuliza."

Vidole vilisimama. Nilijua ninachopaswa kusema na nilijua si changu kukisema, nikakata uzi kwa meno. Shemeji akadhani hajasikia, akarudia polepole, "Hakuna aliyemuuliza mama yake."

Dada akaandika. Alipotakiwa kuisoma barua aliisoma yote kwa sauti, pamoja na sentensi hiyo, kisha akampa kalamu atie sahihi.