Gauni la Kunyanyulia Mikono

Nimechoka kutafuta gauni. Nasema hivyo kila nikitoka soko la Kyela mjini, na wiki inayofuata naenda tena, nachambua rundo la mitumba mpaka mgongo unagoma. Mimi ni bonge, sijifichi. Kwetu tunalima mpunga na tunaula, na miili yetu haina siri.

Zamani tulivaa kilichokuwepo dukani, na kilichokuwepo dukani hakikututosha. Kisha biashara ikafunguliwa, marobota ya mitumba yakaanza kushushwa sokoni, nikadhani sasa nitapumua. Wapi. Mafundi cherehani waliamka mapema kuliko sisi. Walikuwa wanayawinda magauni makubwa, maana moja ukilikata linatoa vigauni viwili vya watoto. Nimewahi kulivuta gauni upande mmoja na fundi akalivuta upande wa pili, akaniambia bila haya, "Mama, hili ni kitambaa." Nikamwambia hili ni gauni na mwenye mwili wake amefika. Alinishinda nguvu, akaondoka nalo.

Aliyenifundisha kuchagua ni dada yangu, mkubwa wangu, aliyeolewa Ipinda. Tulikuwa saizi moja, na watu walikuwa wanatuchanganya tukiwa tumewapa mgongo. Hakujali rangi wala shingo ya namna gani. Alikuwa analivaa gauni juu ya nguo zake palepale, katikati ya watu, halafu ananyanyua mikono kama anaanika nguo, anainama kama anapalilia, anakaa chini na kunyoosha miguu kama yuko msibani. Likimbana popote, analirudisha. Nailoni hakuigusa. Kwa joto la Kyela, alisema, nailoni ni kujipika mwenyewe. Miaka ile magauni mengi yalikuja na vijimto vya mabegani. Tulikuwa tunavifumua na kushikia sufuria.

Siku moja mwenye meza tuliyoizoea, mzee ambaye kwao ni pwani, alitutolea gauni la pamba chini ya meza. Bluu iliyokolea, maua meupe madogo madogo. "Nimewafichia nyie, mafundi wasilione," alisema. Dada akalivaa, akanyanyua mikono, akainama, akakaa. Halikubana popote. Mimi nilibaki natazama tu, kwa sababu mkubwa ndiye huanza. "Ndaga fijo," dada akamshukuru mzee wa watu kwa Kinyakyusa, akaondoka amelivaa hivyohivyo.

Halafu akaanza kukonda.

Miaka ile mtu akikonda watu walikuwa na jibu moja, nao walilitoa kabla hujawauliza. Hospitali waliutaja ugonjwa wake. Mimi siutaji, kwa sababu yeye hakutaka utajwe. Alichotaka ni kimoja. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya mavuno, naye akaniambia, "Siku hiyo nataka watu wamtazame bibi harusi, wasinitazame mimi."

Tukarudi sokoni. Yule mzee wa pwani, kwa huruma yake, akamletea gauni dogo. Dada akalikunja vizuri na kumrudishia. "Hili la mtu mwingine," alisema. Njia nzima mimi nilikuwa na hasira, sijui nimkasirikie nani.

Basi ikabidi lilelile la bluu lipunguzwe. Nikataka kulipeleka kwa fundi, akakataa. "Usikate hata kidogo. Kunja kitambaa ndani, kibaki. Nikinenepa utafumua." Nikalishona kwa mkono mkekani kwake, ubavu huu na ubavu huu, kutoka kwapani mpaka nyongani. Bado lilikaa kama limetundikwa. Ndipo akaniagiza jikoni nikalete vile vijimto vya kushikia sufuria. Nikavifua, nikavishonea ndani, kwenye nyonga. Tulicheka siku ile, kweli tulicheka, kisha nikaenda uani kulia peke yangu.

Harusini alipendeza. Watu walimsifu, wakala, wakaendelea na bibi harusi wao. Wakati wa kucheza mama mzazi wa bwana harusi akaja kumkumbatia, na mkono wake ukatua juu ya kijimto, ambacho kilikuwa kimeanza kuteleza. Niliuona mkono ukisimama. Yule mama alifungua kanga yake mwenyewe, akamfunga dada kiunoni, akaikaza, akamvuta wakacheze. Mpaka leo nikikutana naye namsalimia kwa magoti.

Dada aliendelea kulivaa kila Jumapili. Nililipunguza tena, kisha tena, kila mara kwa kukunja ndani, mpaka alipokuwa hatoki tena nyumbani. Baada ya msiba, nguo zilipogawanywa, lile lilikuja kwangu. Hakuna mwingine ambaye angelijaza. Nikaliweka sandukuni na mishono yake, nikaendelea kugombana na mafundi sokoni.

Mwaka jana binti yake alikuja. Alikuwa anabatiza mtoto. "Mama mdogo," akaniambia, "acha kuhangaika. Livae la mama." Alikuja na wembe wake. Tukakaa, tukafumua mshono mmoja mmoja, na gauni likafunguka mpaka saizi yangu.

Tulipoliinua kwenye mwanga ndipo tukaona. Gauni zima lilikuwa limepauka kwa jua na sabuni, lakini ubavuni, nilipokuwa nimekunja, rangi ilikuwa imebaki. Nilipokunja mara ya kwanza palikuwa na bluu ya siku ile ya sokoni. Nilipokunja baadaye palikuwa na bluu iliyofifia kidogo, na kando yake iliyofifia zaidi. Mwenye macho angeweza kusoma jinsi alivyokuwa anaisha. Binti akapitisha kidole pale, akaniuliza, "Kumbe alikonda hivi?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, hivi.

Nililivaa ubatizoni, na nalivaa bado. Halinibani popote, sijapata gauni jingine ninaloweza kulinyanyulia mikono. Lakini kanisani wenzangu wakinyanyua mikono yao, mimi nabana yangu ubavuni, bluu ile isisomeke, na kanga nimejitanda juu, joto au si joto.