Nilimfungia Baba Soba

Baba yangu alipiga magoti mbele ya madhabahu kupokea Ushirika Mtakatifu, akashindwa kuinuka.

Hakuzimia. Macho yalikuwa wazi, na "Amina" aliitamka vizuri. Miguu ndiyo iliyogoma.

Wenzake wakarudi kwenye viti vyao. Yeye akabaki ameng'ang'ania ukingo wa mbao, mpaka mchungaji na mtu mwingine walipomnyanyua kwa makwapa.

Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Mwenye zabibu leo kaanza na kikombe cha nyumbani."

Watu wakacheka kwa pua.

Naitwa Raheli. Nafundisha historia chuo kikuu hapa Dodoma, na kila mwaka huwaonya wanafunzi wasijenge hukumu juu ya ushahidi mmoja. Haya ni maelezo ya jinsi nilivyofanya kosa hilohilo kwa mtu aliyenizaa.

Baba, Mzee Mazengo, ana ekari mbili za zabibu za mvinyo kule Hombolo. Ni mzee wa kanisa, na sijawahi kumwona akionja kilevi. Lakini kwetu, mwenye zabibu akipepesuka, hakuna anayeuliza mara mbili.

Nikampeleka kupima. Vimeng'enya vya ini vilikuwa mara sita ya kawaida.

"Mzee anakunywa?" mhudumu akaniuliza.

"Hanywi."

"Wote huwa hawanywi, dada."

Njiani baba alinishika mkono. "Mama, mimi sinywi. Ni mapaja. Yanauma kama nimelima shamba la kijiji kizima."

Nilitaka kumwamini. Ila nilikumbuka jambo moja: kila jioni, baada ya kula, alikuwa akienda nyuma ya nyumba peke yake, akirudi anafuta mdomo.

Nikamsimulia mdogo wangu, Ebenezer. Naye hakupepesa macho.

"Dada, tusidanganyane. Mtu anaangukaanguka kwenye zabibu, ini limechafuka, anajificha nyuma ya nyumba. Unataka aje na chupa mkononi ndipo uamini?"

Wiki hiyohiyo tukampeleka soba, nyumba ya kuwaachisha watu pombe, iliyopo Nkuhungu. Baba hakubishana. Langoni aliniuliza neno moja tu.

"Hata wewe?"

Niligeuka kwa msimamizi, kaka mmoja anaitwa Sila, nikamkabidhi kidonge cha kupunguza lehemu, yaani mafuta kwenye damu, ambacho baba aliandikiwa hospitali mwaka uliopita. "Kimoja kila jioni. Simama hapo mpaka ameze."

Wiki tatu baadaye Sila akapiga simu.

"Dada Raheli, njoo umchukue mzee wako. Huyu siyo mwenzetu."

"Kivipi?"

"Mimi nimelewa miaka kumi na moja, walevi nawajua. Mtu akiikosa pombe, siku ya tatu anatetemeka, anatoka jasho, anakutukania mpaka bibi yako. Mzee siku ya tatu alituongoza kwenye sala. Lakini sasa hawezi kuinua mkono ajichane. Na jana kapaliwa na mlenda."

Mlenda! Mboga inayoteleza yenyewe, ambayo kwetu hulishwa hata asiye na meno. Mtu akipaliwa na mlenda, koo limeanza kuacha kazi.

Siku hiyohiyo tulikuwa mbele ya Daktari Wambura.

"Shikamoo mzee. Hebu simama bila kushika kiti."

Baba akajaribu mara tatu. Jasho likamtiririka. Hakusimama.

Daktari akazilinganisha karatasi mbili, ya zamani na ya asubuhi ile. "Wiki tatu bila tone la pombe, na vimeng'enya vimepanda. Pombe ingekuwa ndiyo chanzo, vingeshuka. Hivi haviishi kwenye ini peke yake. Vimo pia kwenye misuli, na misuli ikibomoka vinamwagika kwenye damu."

Akaagiza kipimo cha misuli yenyewe. Kwa kawaida hakizidi sana mia mbili. Cha baba kilisoma elfu tisa.

"Anatumia dawa gani?"

Nikatoa pakiti ya vidonge mkobani.

"Hii tunaisimamisha leo."

Nilidhani yamekwisha. Hayakwisha.

Mwezi mmoja baadaye baba hakuweza kujigeuza kitandani. Uji ulipitia mpira wa puani. Ebenezer akasimama korido ya wodi, macho mekundu.

"Dawa si ameacha? Sasa kinachomla ni nini?"

Damu ilipelekwa nje ya nchi. Tulisubiri siku kumi na saba. Kila siku sauti ya baba ilipungua kidogo, kama redio inayoishiwa betri.

Majibu yalipokuja, Daktari Wambura alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Kingamwili ni walinzi. Kila mlinzi ana sura moja anayoisaka. Kidonge hiki hukizuia kimeng'enya fulani mwilini. Kwa watu wachache mno, kinga hukigeuza kimeng'enya hicho kuwa adui, ikatengeneza kingamwili za kukisaka. Mzee anazo, tele. Na msuli ulioumia, unapojijenga upya, hukitoa kimeng'enya hichohicho kwa wingi. Kwa hiyo kadiri unavyojijenga, ndivyo unavyozidi kusakwa. Dawa mmeiacha, lakini damu haijasahau."

"Basi kidonge ni sumu!" Ebenezer akafoka.

"Usikitukane. Kimewaokoa wengi. Mzee, maumivu yalianza lini?"

Baba akanong'ona. Tuliinama wote kumsikia.

"Baada ya miezi mitatu ya kidonge. Nilimwambia Raheli kinaniumiza, akasema ni visingizio. Nikawa nakiweka chini ya ulimi, nakwenda kukitema nyuma ya nyumba."

Nyuma ya nyumba hapakuwa na chupa. Palikuwa na vidonge. Na mimi nilimweka mtu asimame mbele yake mpaka ameze.

Alianzishiwa dawa za kutuliza kinga, vidonge na za mshipa, hukohuko wodini. Wiki ya sita alimeza uji mwenyewe. Leo anatembea kwa fimbo, na dawa ataendelea nazo kwa muda mrefu.

Nilipomwomba msamaha, alinitazama kwa utulivu ulioniumiza kuliko matusi.

"Nimekusamehe, mama. Lakini ulinusa mdomo wangu mara ngapi ukitafuta pombe? Na paja langu uliligusa lini?"

Ndugu msomaji, kama dawa inakuumiza, usiiteme gizani, mwambie aliyekuandikia. Nawe unayemuuguza mzazi, jua kwamba karatasi ya maabara haikunidanganya hata kidogo. Ilijibu swali nililokwenda nalo. Swali lenyewe ndilo lililokuwa la uongo.